Darasa Langu Si Kwaya

Bunia, Lumumba, 21 Januari 2024

Kaka Félicien,

Nakusalimu wewe, Mama Hélène na wote wanaokula mezani kwako. Sisi huku tuko wazima. Vumbi la Januari limeingia mpaka kwenye chumvi, lakini tunakula hivyo hivyo. Mama anakusalimu. Goti bado linamsumbua. Mdomo hauna ugonjwa wowote. Juzi amegombana na jirani juu ya mtaro wa maji, na jirani ndiye aliyeomba msamaha.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe ndiye mkubwa: nikianza neno, unalimaliza wewe. Kwenye karatasi utasoma mpaka chini, ndipo ukasirike. Guelord amekubali kubeba barua zetu kila lori lake linapoteremka Komanda. Nimemwambia ni mambo ya kanisa, ili asifungue.

Sasa binti yako. Ornella ameanza stage. Unajua mambo yalivyo: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa pédagogie wanagawanywa katika shule za msingi, kila mmoja anakaa kando ya mwalimu na kufundisha darasa lake, mpaka siku ya somo la mwisho mbele ya jury, wale wakubwa wanaotoa alama. Nilimwomba directeur wetu, Jérôme, ampeleke kwa mwalimu mwingine, maana si vizuri shangazi kumpima mtoto wa kaka yake. Akasema madarasa yote yamejaa tangu familia za Djugu zikimbie vita na kuja huku. Basi yuko kwangu, darasa la tatu, ambako watoto wamebanana hata wakitaka kuandika wanapokezana viwiko.

Nyumbani ananiita Shangazi. Tukivuka geti la shule ananiita Madame, nami namwita Mademoiselle. Wiki ya kwanza alifundisha ubao. Aliuongelesha ubao, akauuliza, akajijibu mwenyewe, na watoto wakamtazama mgongo. Sasa ameanza kugeuka. Kila somo likiisha tunafanya critique, kama zamani: anasimama yeye kwanza na kutaja makosa yake, kisha mimi nataja yaliyobaki. Anajichapa sana huyu mtoto. Nimemwambia aniachie na mimi kidogo.

Jogoo wako amefika, amefungwa miguu juu ya magunia ya Guelord, ana hasira. Kaka, hakuna mwalimu Ituri nzima asiyejua jogoo anayefika kabla ya jury anasema nini. Sitamla. Kumrudisha pia sitamrudisha, maana Guelord atamla njiani. Nimeamua hivi: siku ya jury Ornella atafundisha somo la jogoo, na huyu atakuwa kifaa cha kufundishia. Kwa sasa anakaa nyuma ya jikoni. Mama anamzunguka kila jioni na kunisemesha: "Kuku ya bure munakatala? Muko bazungu sasa?"

Neno la mwisho. Jérôme ameanza kuongea juu ya "kutayarisha" darasa, yaani siku moja kabla ya jury kuwafundisha watoto majibu, wewe sema hili, wewe sema lile, ili wageni wakija kila swali lipate jibu lake. Mimi sikubali. Nakuambia mapema, kwa sababu najua utasema nini, na najua ulifanya nini Bambu.

Dada yako,
Scholastique


Komanda, 16 Februari 2024

Mdogo wangu Scholastique,

Salamu zako zimefika zikiwa zimechoka. Barabara ilifungwa, lori zikalala, na mbao zangu zikalala pamoja nazo. Hélène alishikwa na malaria, sasa amepona na ameanza tena kuniamuru. Msalimie Mama. Mwambie aache jirani apumue.

Jogoo nilimtuma kwa Mama. Nani alikuambia ni wako? Mwalimu akizeeka anaona rushwa hata kwenye manyoya.

Juu ya kutayarisha darasa, sikiliza. Somo la jury si somo la watoto. Siku ya harusi hakuna anayewaonyesha wageni sufuria yenye masizi. Kila mtu anajua, inspecteur mwenyewe anajua, na yeye alipita hivyo hivyo. Jérôme ni mkubwa wako wa kazi na mimi ni mkubwa wako wa nyumbani. Tukisema kitu kimoja sote wawili, wewe unapata wapi nguvu ya kukataa?

Ornella anahitaji distinction, alama za juu. Usiniulize kwa nini. Mtayarishe.

Kaka yako,
Félicien


Bunia, 3 Machi 2024

Kaka Félicien,

Namshukuru Mungu kwa afya ya Mama Hélène. Barua yako nimemsomea Mama, sehemu ya salamu. Nilikosea nikasoma na ile ya jogoo. Aliposikia ni wake aliomba kisu. Kisu nimekificha. Jogoo anaendelea vizuri na anawachukia watu wote sawasawa.

Uliniambia nisiulize kwa nini, na sikuuliza. Guelord amesema mwenyewe, bila hata kukaribishwa chai. Kumbe yule tajiri Katsuva amejenga shule karibu na soko la Komanda, na wewe umemwahidi kwamba Ornella atafundisha kwake kuanzia Septemba. Kumbe Katsuva anapokea wenye distinction tu, na Komanda nzima inajua, hata mafundi wa pikipiki. Mimi ninayemfunza mtoto ndiye wa mwisho kusikia. Kaka, ile nafasi naitaka kwa ajili yake kuliko hata wewe. Lakini nataka aingie kwa Katsuva akijua kazi.

Barua yako ilijibu kila kitu isipokuwa Bambu. Basi acha niseme mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na wewe ulikuja kufanya stage kwetu, na shati jeupe la baba. Siku moja kabla ya jury ulitupanga. Somo lilikuwa utajiri wa nchi yetu. Mimi ulinipa jibu la tatu: "Dhahabu ya Bambu ni utajiri wetu." Nililala nikilisema. Kesho yake nililisema vizuri, mabwana wa jury wakatikisa vichwa, ukapata distinction yako. Kisha nikanyoosha mkono tena, maana nilikuwa na swali. Ukaniona. Ukamwita mwingine. Mpaka leo nikiingia darasani na kuona mkono wa mtoto hewani, nauona ule wangu.

Sasa ya hapa. Katika kikao cha walimu Jérôme alisema kila darasa lenye stagiaire litayarishwe. Wengine wakaandika. Nikamwambia darasa langu si kwaya. Akaniambia mbele ya wote: "Madame Scho, ukiletea siye haya mbele ya jury, mwaka kesho haupate stagiaire tena." Nikajibu kwamba basi huyu wa mwisho ataondoka anajua kufundisha. Walimu wakatazama viatu vyao.

Ornella mwenyewe anaogopa. Alinijia jikoni akaomba awape majibu watoto wa benchi la mbele tu, wachache, hakuna atakayejua. Nikakataa. Alilia, akaacha chakula, na mimi nikala changu bila kusikia ladha. Iliniuma, sikufichi. Asubuhi nilipofika shuleni nilimkuta ametangulia, amekaa kwenye benchi la nyuma na fiche yake, ile karatasi ya kutayarishia somo. Kwenye safu ya majibu ya wanafunzi, ambako sote tunaandika watoto watasema nini kabla hawajasema, alikuwa amefuta yote kwa gomu. Hakunisalimia. Alisema tu: "Madame, nitabakishia batoto hii nafasi."

Jury ni tarehe 22.

Scholastique


Komanda, 15 Machi 2024

Scholastique,

Hatujambo. Nakuandikia kwa haraka, Guelord anawasha mashine.

Naona umeamua kuharibu. Kama huwezi kuwatayarisha watoto, siku moja kabla ugua, kaa nyumbani, mwache Jérôme aingie afanye kazi yako. Hilo si ombi. Katsuva ananisalimia kila asubuhi kama mkwe wake, na mimi siwezi kwenda kumwambia kwamba dada yangu alikuwa na msimamo.

Mtoto akikosa nafasi hii, usiniite kaka.

Félicien


Bunia, 14 Aprili 2024

Kaka Félicien (bado nakuita),

Mama amepata miwani ya msaada kutoka parokia na sasa anaona kila kitu, hata visivyomhusu. Mvua imeanza. Mahindi ya nyuma ya nyumba yametoka vizuri, yale ambayo jogoo hakuyafukua.

Barua yako ya tarehe 15 ilifika wiki ya Pasaka, jury ilikwisha kupita. Hata ingefika mapema ningefanya vilevile. Nakuambia ili usiilaumu barabara.

Jury walianza darasa la nne, kwa Destin, mwenzake Ornella. Destin alikuwa ametayarisha watoto wake mpaka wanaota. Somo: kupumua. Tulisikia kupitia ukutani majibu yakitoka moja baada ya jingine, safi kabisa. Kisha inspecteur akataka kumfurahisha mtoto wa mbele, akamuuliza anaitwa nani. Mtoto akasimama wima akajibu: "Ni mapafu, Bwana Inspecteur." Walicheka kidogo, wakampa Destin distinction, wakaja kwangu.

Ornella aliingia na jogoo kwapani. Aliwasalimu jury, akageukia watoto. Jogoo naye akafanya lake: aliponyoka, akapanda juu ya meza waliyowekewa jury, akaacha alama yake karibu na kofia ya inspecteur. Watoto walipiga kelele. Mimi nilikaa nyuma nimekishika kiti kwa mikono miwili nisisimame. Ornella hakukimbizana naye. Aliwaambia watoto wanyamaze, wamtazame jogoo anavyoshika meza kwa kucha, waseme wanachokiona. Na wakasema. Kila mmoja aliona lake, wengine walibishana, na yeye akaandika ubaoni maneno yao. Kaka, alikuwa ameupa mgongo ule ubao muda wote, akiandika upande upande. Nilitaka kulia.

Alipofika kwenye faida za jogoo, mtoto mmoja akasema anatuamsha asubuhi. Vizuri. Ndipo Plamedie akanyoosha mkono. Plamedie ni mtoto wa kambi, familia yao ilitoka Djugu na nguo za mwilini tu, na tangu Septemba hakuwahi kufungua kinywa darasani kwangu. Aliuliza: "Mademoiselle, jogoo akibaki kwa kijiji na bantu yote bamekimbia, iko nawika juu ya nani?"

Jérôme alitazama dari. Ornella alisimama na chaki mkononi, na mimi nikajua ya kwamba hakuna fiche duniani yenye jibu hilo. Akasema: "Sijue, Plamedie. Weye unawaza nini?"

Plamedie akasema anawaza jogoo wao anawika ili wajue njia ya kurudi. Mwingine akasema anawawikia kuku waliobaki. Mwingine akasema anamwikia Mungu, kwa sababu Mungu hakukimbia. Wakaanza kuongea wote, na Ornella akawaacha waongee, na saa ya somo ikaisha kabla hajafika kwenye zoezi.

Inspecteur aliandika kwamba hajamudu somo na kwamba darasa lilimponyoka. Kwenye critique Ornella alisimama, akataja makosa yake: jogoo hakufungwa vizuri, zoezi halikufanyika. Inspecteur akamuuliza, na ile "sijue"? Akajibu kwamba hiyo si kosa. Alisema kwa adabu, na hakurudisha neno lake.

Cote yake, yaani alama alizopewa, utaisikia kwake mwenyewe. Mimi sitaki kuiandika kwenye karatasi moja na haya.

Scholastique


Bunia, 9 Juni 2024

Kaka,

Hujajibu. Mama anauliza kama umekufa. Nimemwambia hapana, umekasirika. Akasema basi ni mzima.

Ornella anaandika mtihani wa Serikali. Nyumba nzima tunatembea kwa vidole, isipokuwa jogoo. Jérôme anasimamishwa njiani na mama za kambi wanaotaka kujua yule mademoiselle wa jogoo atarudi lini. Ananiambia hayo huku ametazama pembeni, kama vile ni kosa langu. Na ni langu.

Scholastique


Komanda, 28 Julai 2024

Mdogo wangu Scholastique,

Sijafa. Hélène anakusalimu, na anasema tunafanana wewe na mimi, nami nimemwambia asinitukane. Mbao zimeanza kutembea tena. Ornella alifika salama, amekonda kwa mtihani, sasa anakula.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira. Ningali nayo, usije ukaikosa katika hii barua.

Mtoto alinionyesha cote. Amepita, lakini amepita chini chini, akiinamisha kichwa ili asigonge mlango. Nilimpelekea Katsuva ile karatasi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia, akaanza kuongea juu ya bei ya saruji. Nikajua yamekwisha.

Ornella hakukubali. Alikwenda mwenyewe mpaka dukani kwake, bila kuniambia, akamwambia: "Papa Katsuva, unipatie batoto yako asubuhi moja tu." Pale shuleni kuna masomo ya likizo, na Katsuva akakubali, nafikiri kwa kumcheka.

Sasa utafurahi, kwa hiyo soma taratibu. Siku moja kabla, nilifungua mfuko wa mtoto, nikasoma fiche yake. Somo lilikuwa mto. Nikaenda pale shuleni na pakiti za biskuti, nikawapanga wale watoto vizuri, wewe sema hili, wewe sema lile. Mtoto wangu, na mimi ni baba yake, usinihukumu. Jioni mmoja wa wale watoto alikutana naye sokoni, akamkariria jibu lake ili kumwonyesha kwamba analijua. Ornella alirudi nyumbani, akala, akalala. Asubuhi aliingia darasani akafundisha mahindi.

Scholastique, nilikaa nyuma pamoja na Katsuva. Aliinua hindi juu akauliza ni nini hiki, na mtoto wa biskuti akasimama akasema kwa sauti ya padri: "Ni mto Ituri." Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Ornella alicheka, watoto wakacheka, kisha akawaambia leo hakuna majibu ya jana, kila mtu aje na yake. Na walikuja nayo. Kuna mmoja alimuuliza kwa nini hindi lina nywele, na mwingine kwa nini mzee wake anauza mahindi yote halafu ananunua unga. Kwa la pili Ornella alisema sijui, tulitafute pamoja, na wakaanza kulitafuta. Mimi ni mfanyabiashara. Nilinyoosha shingo nisikie.

Katsuva akanigeukia: "Félicien, miye silipake mwalimu juu ya kusema sijue."

Nikamjibu: "Basi ulipe mwenye anaongopaka."

Sijui neno lilitoka wapi. Watoto walisikia. Katsuva aliondoka, na nafasi iliondoka naye, na sasa asubuhi tunasalimiana kwa mkono wa mbali. Ornella anarudi kwako wiki ijayo. Jérôme amemtumia habari kwamba darasa la tatu la mchana, la watoto wa kambi, halina mwalimu. Mshahara hakuna mpaka Serikali iliandike jina lake, na hilo unalijua kuliko mimi. Nilimwambia sikubali. Akaniambia hakuniuliza. Amejifunza kwako, na sitakusamehe upesi.

Kitu kimoja, halafu nafunga. Siku ile Bambu nilikuona. Ulinyoosha mkono mara ya pili, mkono wote, mpaka ukasimama kwenye benchi. Ulitaka kuuliza nini?

Kaka yako,
Félicien


Bunia, 11 Agosti 2024

Kaka yangu Félicien,

Ornella amefika na vumbi lote la Komanda kichwani. Mama amempokea kwa wimbo na kumwomba chumvi. Jogoo ni mzima. Mama anasema sasa amezeeka, hatapikika tena, na kwamba ni mimi niliyemharibia maisha yake na ya jogoo. Ornella amekwenda kuliona darasa lake la mchana. Amekuta madirisha hayana vioo, na akaniambia ni vizuri, watoto watasikia mvua.

Ulichomwambia Katsuva nimekisoma mara nyingi. Nimemsomea na Mama. Alivua miwani akaifuta.

Swali langu ni hili. Ulinifundisha niseme dhahabu ya Bambu ni utajiri wetu, nami nikasema. Baba alikuwa akiichimba shimoni tangu asubuhi, akirudi jioni na tope mpaka masikioni, na wewe siku ile ulivaa shati lake kwa sababu lilikuwa moja tu. Nilitaka kukuuliza: kama ni yetu, mbona nyumbani hatujawahi kuiona?

Mkono wangu bado uko juu, Mwalimu. Kama hujui, sema hujui, tutalitafuta pamoja.

Usipige simu. Andika.

Scholastique